Ukungu wa Filamu na Uzito Wake: Kusafisha Picha za Zamani Nyumbani

Katika nyumba nyingi za mwambao kuna kasha au mkebe wa biskuti ambao, chini ya vyeti vya kuzaliwa na hati za ndoa, umehifadhi mkanda mmoja au miwili ya filamu iliyopigwa picha na haikusafishwa. Pengine mwenye kamera alifariki, pengine pesa zilikosekana. Lakini aghalabu sababu ni nyingine, na akina mama wasomaji wetu wanaijua bila kuelezwa: picha zilipigwa ndani, siku ya kupamba, wanawake wakiwa hawajajitanda, na wenyewe wakachelea kuupeleka mkanda studio ukapitia mikononi mwa mwanamume asiye maharimu wao. Basi mkanda ukawekwa, siku zikapita, studio zenyewe zikafungwa, na zile picha zimo gizani hadi leo.

Makala haya yanahusu namna ya kuzitoa gizani bila ya kuvunja sitara iliyokusudiwa. Sisi tunaoandika ni mawifi wawili wa Mombasa ambao riziki imetuleta Longisa, katika kaunti ya Bomet, kandokando ya nchi ya majani ya chai. Tulikabidhiwa mikanda mitatu ya mwaka 1979 na mama wa mmoja wetu, ambaye ni mavyaa wa mwenzake. Ni mikanda ya harusi yake. Ndani yake, kwa kauli ya mama, yumo bibi yetu, mamaake mama, ambaye hakuacha picha nyingine yoyote ila ile ya kitambulisho. Kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kubahatisha. Filamu husafishwa mara moja tu. Ikiharibika dawani, hairudi.

Msomaji ambaye hajawahi kuishika filamu yafaa aelewe kwanza kilichomo. Ni ukanda wa plastiki uliopakwa utando mwembamba wa jelatini wenye chembe za chumvi za fedha. Chembe iliyoguswa na mwanga hubadilika kidogo mno, kiasi cha jicho kutoweza kuona. Dawa ya kusafishia ndiyo inayoigeuza chembe hiyo kuwa fedha nyeusi. Kisha dawa ya pili, iitwayo fiksa, huziyeyusha chembe zote ambazo hazikugeuzwa, na hapo mkanda huweza kutolewa kwenye mwanga. Palipokuwa peupe, mathalan kanzu, pamekuwa peusi. Palipokuwa peusi, kama buibui, pamebaki wazi. Hiyo ndiyo negativu.

Weusi huo ndio tunaouita uzito. Negativu nzito huzuia mwanga mwingi, nyepesi huupitisha. Walioanza kuupima kwa hesabu ni Ferdinand Hurter, mkemia mzaliwa wa Uswisi, na Vero Driffield, mhandisi Mwingereza, ambao walichapisha utafiti wao mwaka 1890, na kipimo chao kinatumika mpaka sasa. Sehemu ya negativu yenye uzito wa 0.3 hupitisha nusu ya mwanga, yenye 1.0 hupitisha sehemu moja ya kumi, yenye 2.0 sehemu moja ya mia.

Ukungu nao ni weusi, lakini ni weusi usio na picha. Hata chembe ambazo hazikuguswa na mwanga, baadhi yao hugeuzwa na dawa bila ya haki, na mkanda mzima hutandwa na kijivu. Hapa Longisa neno hili halihitaji ufafanuzi. Asubuhi za mvua ukungu hushuka ukafunika bonde, na miti iliyo mbali hupotea kabla ya iliyo karibu. Ndivyo ilivyo katika filamu: ukungu huanza kumeza mambo mepesi zaidi ya negativu, yaani vivuli, mikunjo ya nguo nyeusi, nywele, na pembe za chumba. Kanzu haisumbuki.

Wengi huchanganya mambo haya mawili, na ndipo huharibu. Mtu huona negativu nyepesi, hudhani dawa haikutosha, huongeza dakika. Dakika zikiongezwa ukungu nao huongezeka, na kwa filamu kuukuu huongezeka kwa kasi kuliko picha yenyewe. Au huona mkanda wa kijivu akadhani ameuzidishia muda, akapunguza, na picha ikafa. Kabla ya kubadili lolote, itazame negativu iliyokwisha kukauka mbele ya mwanga, na uanzie kando, si katikati.

Pembezoni mwa filamu ya milimita 35, karibu na matundu, kiwandani huchapwa namba na jina la filamu kwa mwanga. Namba hizo hazijui kamera yako wala jua la siku ile. Zinajua dawa tu. Zikiwa nyeusi na imara ilhali picha ni nyepesi, kosa ni la kamera: mwanga ulikuwa haba. Zikiwa hafifu pamoja na picha, kosa ni la dawa: muda ulikuwa mfupi, au dawa ilikuwa baridi, au imechoka. Halafu tazama nafasi tupu kati ya picha na picha. Ikiwa ni kijivu sawasawa mkanda mzima, huo ni ukungu wa dawa au wa umri. Ukiwa ni ukungu wa michirizi unaoingia kutoka ukingoni, mwanga ulipenya mahali. Ukiwa ndani ya picha pekee na nafasi za kati ni safi, si ukungu wa filamu; ni mng'ao ulioingia kwenye lenzi.

Kuna viwili vinavyofanana na ukungu na sivyo. Negativu yenye weupe kama maziwa haikukaa vya kutosha kwenye fiksa, irudishwe, itasafika. Na rangi ya waridi au zambarau ni ya wino wa kiwandani, ambao hutoka kwa kuosha zaidi. Tena usitarajie plastiki ya filamu ya milimita 35 iwe angavu kama kioo, kwani nyingi hutiwa kijivu kidogo makusudi ili mwanga usisafiri ndani yake.

Tuanze na ukungu unaozuilika kwa mikono, yaani ule wa mwanga. Filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe huona rangi zote, hivyo ile taa nyekundu ambayo watu huihusisha na chumba cha giza ni ya kuchapia karatasi, si ya kupakilia filamu. Filamu hutaka giza totoro mpaka iingie katika tangi dogo lenye kifuniko kisichopenya mwanga. Baada ya hapo kazi yote huendelea mchana kweupe, mezani. Nyumba za huku zenye dari za mbao na paa za bati zina nyufa ambazo mchana hung'aa kama nyota. Tulipakia usiku, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi, na kabla ya kufungua kikasha tuliketi gizani dakika 10 ili macho yazoee. Ukiuona mkono wako baada ya dakika hizo, chumba hicho hakifai. Simu ibaki nje, na saa ya mkononi yenye kung'aa ibaki nje. Mwenye mfuko mweusi wa kupakilia, wenye mikono miwili, amepumzika na udhia huu wote.

Ukungu wa dawa una sababu zake: joto, muda mrefu, dawa iliyochakaa, na tone la fiksa lililoingia kwenye dawa ya kwanza. Hilo la mwisho ni baya kuliko linavyodhaniwa, na dawa yake ni nidhamu ya jikoni tu. Tulitenga mitungi mitatu kwa rangi tatu za utepe, na kila mtungi na faneli yake, wala hakuna kilichorudi jikoni baadaye. Kabla ya kuugusa mkanda wenyewe tulitumbukiza kipande cha filamu isiyo na thamani, kilichokwisha kupigwa na mwanga, ndani ya dawa ya kwanza; kikiwa cheusi ndani ya dakika moja au mbili, dawa iko hai. Kipande cha pili tulikitia kwenye fiksa tukahesabu sekunde hadi kikawa angavu, na muda wa fiksa ukawa maradufu ya hesabu hiyo.

Sasa joto, ambalo ndilo linalotenganisha Mombasa na Longisa. Vipimo vya viwanda huandikwa kwa nyuzi 20 za Selisiasi. Filamu ya Ilford HP5 Plus, mathalan, katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa huhitaji dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Dawa hiyo hiyo ikizimuliwa kwa maji kiasi sawa huhitaji dakika 13. Kila nyuzi inapopanda, muda hupungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Ukiwa Mombasa wakati wa kaskazi, maji ya bomba yanapokaribia nyuzi 30, dakika zile 7 na nusu zinakuwa 3 hivi, na katika muda mfupi kama huo dawa haiwahi kuenea sawasawa. Jelatini nayo hulainika, na ukungu hushamiri. Kwa hiyo aliye pwani azimue dawa, na aishushe hadi nyuzi 24 kwa kuweka mtungi ndani ya beseni lenye barafu. Barafu isiingie ndani ya dawa! Kwa nyuzi 24 zile dakika 13 huwa 9 hivi, na hizo zinatosha kufanya kazi kwa utulivu.

Huku juu mambo ni kinyume. Maji ya tangi la mvua alfajiri huwa baridi ya kuuma vidole, na kishawishi ni kuyatumia hivyo hivyo na kuongeza dakika. Si vyema. Dawa nyingi zina viungo viwili vinavyosaidiana, metoli na haidrokwinoni, na haidrokwinoni hukaribia kulala kabisa joto likishuka chini ya nyuzi 13. Negativu iliyosafishwa kwa baridi huwa nyepesi na legevu, haina weusi wala weupe wa haki. Tuliuweka mtungi katika karai la maji vuguvugu hadi kipimajoto kikasoma 20, na karai likabaki chini ya tangi muda wote. Jambo moja Longisa inalishinda pwani: maji ya mvua. Hayana chumvi, hivyo suuza ya mwisho haiachi madoa kama yanavyoacha maji ya visima vyetu vya Kisauni. Yachujwe tu kwa kitambaa safi.

Kutikisa tangi pia ni kipimo, ingawa hakiandikwi kwa nyuzi. Tuligeuza tangi taratibu mara nne ndani ya sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika, kisha tukaligonga kidogo mezani viputo viondoke. Mwenye kutikisa kwa pupa huongeza uzito wa sehemu nyeupe na kupata michirizi kandokando ya matundu, ambayo huitwa ukungu kwa kusingiziwa.

Kuhusu uzito wenyewe, mtihani mkubwa wa mpiga picha wa Kiswahili ni kanzu na buibui katika fremu moja chini ya jua la saa sita. Kivuli huamuliwa na kamera: kama mwanga haukufika kwenye buibui siku ile, hakuna dakika za dawa zitakazoleta mikunjo yake. Kanzu huamuliwa na tangi: dakika zikizidi, inakuwa nzito mno na darizi ya shingoni hupotea. Hivyo kwa picha za jua kali la mwambao tunapendekeza kamera ipewe mwanga zaidi kidogo na dawa ipunguzwe sehemu moja ya tano au ya sita. Kwa picha za hapa chini ya mawingu, ambako mwanga ni mpole na kila kitu hukaribia kijivu kimoja, fanya kinyume: muda kamili, au nyongeza ndogo. Kinachofaa ni negativu ambayo, ukiiweka juu ya gazeti mchana, unaweza bado kuyasoma maandishi kupitia sehemu zake nzito zaidi, kwa taabu.

Yote hayo ni kwa filamu mpya. Mikanda ya mama ilikuwa na zaidi ya miaka 40, mingi katika hizo ikiwa kabatini Mombasa. Joto na unyevu huzeesha filamu, na hata mionzi ya kawaida inayotuzunguka huacha athari. Tulijipa moyo kwa kisa cha Msweden Salomon August Andrée, aliyeondoka kwa puto na wenzake wawili mwaka 1897 kuelekea Ncha ya Kaskazini. Walifia kisiwani Kvitøya, na kambi yao haikuonekana mpaka mwaka 1930. Filamu zao zilisafishwa Stockholm na John Hertzberg, na picha 93 kati ya 240 hivi zikaokoka baada ya miaka 33. Ni kweli kwamba wao walikuwa na barafu na sisi tulikuwa na kabati.

Mikanda yetu ilikuwa ya HP5, filamu iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Hatukuanza na picha. Gizani tulikata ncha ya mwisho ya mkanda wa kwanza, ile iliyogandishwa kwenye kijiti cha kati, ambako picha hazifiki, tukaigawa vipande vitatu. Cha kwanza tulikitia kwenye fiksa moja kwa moja bila dawa; hicho kilituonyesha plastiki tupu. Cha pili kilipita dawani kwa muda wa kawaida. Cha tatu kilipita katika dawa iliyotiwa benzotriazoli, unga unaouzwa kwa ajili ya kuzuia ukungu, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gramu kwa lita. Vilipokauka tuliviweka kimoja kimoja juu ya kioo cha simu kilichong'aa kwa rangi nyeupe na kuvipima kwa kipimamwanga cha kamera. Kila stopu moja ya tofauti ni uzito wa 0.3. Kipande cha pili kilikuwa kizito kuliko cha kwanza kwa stopu mbili na zaidi, maana yake ukungu pekee ulikuwa unazuia zaidi ya robo tatu ya mwanga. Cha tatu kilizidi kwa stopu moja tu.

Mtu angedhani jibu ni kuongeza unga huo. La. Benzotriazoli haichagui, hukandamiza ukungu na huku ikikandamiza vivuli hafifu, na bibi yetu, kwa maelezo ya mama, aliketi nyuma, kivulini, upande wa mlango. Tuliona afadhali kuuacha ukungu kiasi kuliko kumfuta mtu. Ukungu ulio sawasawa si msiba: picha huchapwa au kunakiliwa kwa mwanga zaidi, ikatokea. Msiba ni ukungu wa mabaka. Hivyo tulitumia nusu ya kiasi kile cha unga, dawa ya HC-110 ambayo sifa yake kwa filamu kuukuu ni kutochochea ukungu, na joto la nyuzi 18, ambalo Longisa hutolewa na maji yenyewe yakikaa ndani saa chache.

Wapo wanaouliza kama ukungu waweza kutolewa baadaye. Ipo dawa ya kupunguza iliyovumbuliwa na Howard Farmer mwaka 1883, mchanganyiko wa ferisianidi ya potasiamu na haipo, na humega fedha kutoka kwenye negativu iliyokwisha kukauka. Huangaza kweli, lakini huanza na vivuli. Kwa negativu isiyo na mwenzake hatuishauri. Ni heri kwanza inakiliwe kwa kompyuta, na aghalabu kompyuta huutoa ukungu ule kwa vidole viwili.

Kwa wenye watoto: metoli huwasha ngozi za watu wengine, basi vaeni glavu. Chupa ziandikwe na zifungiwe juu. Fiksa iliyotumika ina fedha iliyoyeyuka, nayo hudhuru viumbe vya majini, kwa hiyo isimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Ikilazwa juma zima na steelwulu, fedha hujikusanya juu ya chuma. Na wasafiri wa Muscat au wa Umra wenye filamu mizigoni wasiiache kamwe katika masanduku yanayopakiwa chini ya ndege, kwani mashine za eksirei za mizigo hiyo huipiga ukungu. Ibebwe mkononi, na ofisa aombwe aikague kwa macho.

Mkanda wa kwanza ulitoa picha 19 zinazosomeka kati ya 36. Nyingi za mwanzo zimeliwa na mwanga uliopenya kupitia mdomo wa kikasha miaka hiyo yote. Ya ishirini na moja inamwonyesha bibi harusi akiwa juu ya kiti, asumini kichwani, na nyuma yake, upande wa mlango, mwanamke mwembamba aliyeshika birika. Uso ni wa kijivu lakini ni uso. Tuliichapa hapa hapa, wanawake wawili, mlango umefungwa, na hakuna nakala iliyopita katika simu ya mtu wala mtandao. Mama alipoletewa aliitazama muda mrefu, kisha akasema birika lile lipo bado, analo dada yake Malindi.

Mkanda wa pili ulikuwa mtupu. Haukupata kuingia katika kamera. Wa tatu umo ndani ya jokofu, katika mkebe usiopitisha hewa. Mama ametuamuru tusiuguse mpaka atakapopanda kutoka Mombasa mwezi wa Desemba, kwa kuwa anataka awepo tangi litakapofunguliwa.